Choo Kikikataa: Nani Apewe Enema, na Nani Asiguswe

Kila duka la dawa Ukambani, kuanzia Mwingi hadi Makindu, lina mteja ambaye hasemi anachotaka mpaka wengine waondoke. Akibaki peke yake dirishani husema kwa sauti ya chini kwamba choo kimekataa, leo ni siku ya tano, au kwamba mamake mzee hajaenda haja tangu Jumapili. Muuzaji humwonea huruma, na kwa kuwa foleni imeanza tena kujaa, humpa kichupa cha enema na kumwambia maelezo yamo kwenye karatasi. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, herufi zake ni ndogo, na mgonjwa yuko nyumbani Kathonzweni au ndani kabisa ya Mutomo, amelala akisubiri.

Makala haya ni ya mteja huyo, na ya kila anayeuguza mtu nyumbani. Enema ni tiba halali. Hospitali huitumia, na ikitolewa vizuri humwondolea mtu mateso ya siku nyingi ndani ya dakika chache. Lakini husafisha kipande cha mwisho tu cha utumbo mpana, tena kwa siku hiyo moja. Kilichokausha choo hubaki pale pale. Na kwa baadhi ya watu, hasa wazee wanaotumia dawa za presha na watoto wadogo, kichupa kile kile kilichomsaidia jirani kinaweza kuua. Kabla ya kulipa, ni lazima kujua unamnunulia nani.

Kwanza, kutokwenda choo kila siku si ugonjwa. Kuna mtu mzima mwenye afya anayekwenda mara tatu kwa siku, na mwingine mwenye afya vile vile anayekwenda mara tatu kwa wiki. Shida ni choo kikavu cha vipande kama mavi ya mbuzi, kujikamua hadi jasho litoke, maumivu, na kuhisi kwamba haja haijaisha hata baada ya kuondoka chooni. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka wiki za kwanza, anaweza kukaa hata wiki nzima bila choo na kikija kikawa laini. Huyo hana ugonjwa, na asitiwe chochote.

Kitui na Makueni zina sababu zake za kufunga choo, na kubwa kati yake ni kiangazi. Mvua ya Machi hadi Mei hutuangusha mara kwa mara. Tunategemea zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni, mito kama Tiva na Kaiti hubaki mchanga, na maji huchotwa kwenye mashimo yaliyofukuliwa ndani ya mchanga huo. Maji yaliyobebwa na punda kwa saa kadhaa hayanywewi ovyo. Yanapimiwa ng'ombe, watoto, sufuria ya jioni, na mama mwenye kuyateka ndiye anayejinyima wa kwanza. Mwili ukipungukiwa, utumbo mpana hufyonza kila tone lililo kwenye choo, na kadiri choo kinavyokaa ndani ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Wapo pia wanaobana haja kutwa nzima, kama mwanafunzi anayeogopa choo cha shule, dereva wa lori katika barabara ya Mombasa, au mwanamke aliye sokoni ambako hakuna mahali pa staha. Haja iliyobanwa mara nyingi hatimaye huacha kubisha hodi.

Chakula chetu cha asili kingetukinga, laiti tungekila. Kikombe kimoja cha ndengu zilizochemshwa kina takriban gramu 15 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mbaazi, kunde na njahi hazichezi mbali na hapo, na mtama na wimbi usiochujwa navyo huongeza. Kitui inajulikana kwa ndengu kiasi kwamba aliyekuwa gavana wake, Charity Ngilu, alizifanya kampeni ya kaunti nzima. Hata hivyo, ndengu ni zao la pesa. Zikitoka shambani mnunuzi amekwisha fika na karo inangoja, kwa hiyo gunia hupanda lori na nyumbani kunabaki unga wa pakiti uliokobolewa, chai na mkate. Hata muthokoi, pamoja na utamu wake wote, ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, na ganda ndilo lililokuwa na nyuzinyuzi. Pika muthokoi na mbaazi au kunde nusu kwa nusu, na utakuwa umerudisha kilichomwagwa. Ukila mtupu wiki nzima, na maji ni vikombe viwili kwa siku, usishangae.

Dawa nazo zina mkono wake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hukausha choo na kukifanya cheusi. Dawa kali za maumivu kama kodeini, tramadoli na mofini hulegeza mwendo wa utumbo, na mgonjwa wa saratani anayeanzishiwa mofini anastahili kupewa dawa ya kulainisha choo tangu siku hiyo hiyo, kabla hajafunga. Baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo zenye aluminiamu, amitriptilini, na baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo pia. Mawe ya udongo yanayouzwa sokoni, ambayo wajawazito wengi huyatamani, huganda tumboni, na pamoja na vidonge vya chuma hufunga choo maradufu. Muguka na miraa vilevile. Anayetafuna usiku kucha kisha akauliza mbona choo hakipiti, jibu lipo shavuni.

Kwa hiyo enema si mlango wa kwanza. Kwa mtu mzima asiye na maumivu makali, anza na maji, glasi moja zaidi kila mlo, na mbili asubuhi kabla ya chai. Ongeza papai, embe kwa msimu wake, mapera (mbegu zisimezwe kwa wingi, hujikusanya chini zikaziba), mboga za kunde, na uji wa wimbi. Ukwaju ulioloweshwa usiku na kuchujwa asubuhi hulainisha choo kwa upole, na miti yake haituishii. Kisha tumia saa ya mwili. Utumbo mpana huamka baada ya kifungua kinywa, hasa ukinywa kitu cha moto, kwa hiyo nenda chooni kati ya robo saa na nusu saa baada ya uji, kila siku, hata bila haja. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kina faida yake, kwani mkao ule hunyoosha njia ya mwisho ya utumbo. Anayetumia choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda kidogo ili magoti yapande juu ya nyonga. Mzee ambaye magoti hayakunji tena atengenezewe na fundi kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya shimo au juu ya ndoo. Kiti hicho kimewasaidia wazee wengi kuliko dawa nyingi ninazozijua.

Siku mbili tatu zikipita bila nafuu, kuna dawa za kumeza. Laktulosi ni tamu, salama kwa wengi, lakini inaweza kuchukua hadi siku mbili kufanya kazi na inahitaji mtu anywe maji. Vidonge vya bisakodili humezwa usiku na kufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12; visitafunwe wala visimezwe na chai ya maziwa, kwa sababu maziwa huyeyusha ganda lake kabla ya wakati na tumbo likasokota. Mafuta ya mbarika na utomvu wa kiluma (mshubiri) ni vikali. Humkamua mtu, humpotezea maji aliyokuwa hana, na mjamzito hapaswi kuvigusa kwa sababu vinaweza kuamsha uchungu.

Baada ya hapo, na kabla ya enema, kuna kidonge cha gliserini cha kuweka kwenye njia ya haja kubwa. Wengi hawakijui, na naona ni hasara. Hakimwagi maji mwilini, kinachovywa tu kwenye maji safi na kusukumwa ndani taratibu kwa kidole kilichovaa glavu, na mara nyingi choo huja ndani ya saa moja. Kiwekwe pahali pa baridi. Joto la Kibwezi la Februari hukiyeyusha kwenye mfuko. Kwa mzee anayesumbuka na choo kigumu kilichofika mlangoni, mara nyingi hiki peke yake hutosha.

Sasa kichupa chenyewe. Enema inayouzwa sana tayari kwa matumizi ina chumvi za fosfati, kiasi cha mililita 120 hivi kwa mtu mzima. Fosfati huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo, ndipo choo kilainike na utumbo usukume. Choo kikitoka, fosfati hutoka nacho. Kisipotoka, fosfati hubaki, huingia kwenye damu, na ni figo zinazopaswa kuiondoa. Figo zilizochoka hushindwa. Kalisi kwenye damu hushuka, misuli hukakamaa, moyo hupoteza mapigo yake. Januari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kutumia zaidi ya dozi moja kwa saa 24 kunaweza, ingawa kwa nadra, kuleta madhara makubwa ya figo na moyo, hata kifo. Waliotajwa kuwa hatarini zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 55, waliokaukiwa maji, wenye ugonjwa wa figo au utumbo ulioziba, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha, za kukojoza, au za maumivu kama ibuprofeni. Watoto chini ya miaka 2 wasipewe kabisa.

Soma orodha hiyo tena ukimfikiria mama wa miaka 74 huku kwetu, mwezi wa Septemba. Presha yake anaitibu kwa losatani na kidonge cha kukojoza. Magoti yake anayatuliza kwa diklofenaki anayonunua mwenyewe siku ya soko. Maji anakunywa vikombe vitatu kwa siku, kwa sababu kwenda chooni usiku ni shida. Hakuna aliyewahi kumpima figo. Karibu kila kitu ambacho onyo lile lilitaja anacho, na ndiye haswa anayefunga choo, na ndiye ambaye kijana wake ametumwa dukani. Kijana akirudi, enema ikishindwa, kesho ataletewa ya pili. Ya pili ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Mzee wa namna hii asipewe enema ya fosfati nyumbani hata mara moja bila mhudumu wa afya kumwona, na muuzaji wa dawa anayejua kazi yake anapaswa kuuliza umri na dawa anazotumia mgonjwa kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu.

Kuna jambo jingine la wazee ambalo hudanganya hata watu wazoefu. Mjukuu anauliza, "Susu, ulienda choo lini?" Naye susu anajibu, "Naharisha tangu juzi, mjukuu wangu, maji maji tu yanatoka." Familia inanunua dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe choo kikubwa kigumu kimekwama chini, na maji yanayotoka ni yale yanayopenya pembeni mwake. Dawa ya kuzuia kuhara hukaza kizuizi. Ukimwona mzee asiyetoka kitandani anachafua nguo kwa maji maji, tumbo limejaa, hamu ya kula imekwisha, na wiki iliyopita alikuwa amefunga, mpeleke kituo cha afya akaguliwe kwa kidole. Choo kilichokwama hivyo mara nyingi hulainishwa kwa mafuta na kutolewa kwa mkono wa muuguzi aliyefunzwa. Usijaribu kuchokoa mwenyewe. Ukuta wa pale ni laini, huchanika, na mzee anaweza kuzirai.

Ikiwa mgonjwa ni mtu mzima mwenye afya ya moyo na figo, hana maumivu makali, na hatua za mwanzo zimeshindwa, enema inaweza kutolewa nyumbani. Mimi ningechagua maji ya chumvi kuliko fosfati. Na badala ya kukoroga chumvi kwa kukisia, nunua chupa ya maji ya dripu ya chumvi, ile ya asilimia 0.9 ya mililita 500. Kipimo chake kinalingana na damu, na ni safi. Maji matupu mengi huingia kwenye damu na kuizimua. Maji yenye chumvi nyingi huikausha. Maji ya visima vya chumvi, ambayo watu wa Kitui Kusini wanayafahamu sana, hayana kipimo kinachojulikana na yasitumike eti kwa kuwa yana chumvi tayari. Ya mashimo ya mtoni yana vijidudu. Sabuni usitie. Zamani ilitumika hata hospitalini, lakini huchubua utando wa ndani wa utumbo na inaweza kuleta kidonda na damu.

Pasha moto chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kisha dondoshea matone ndani ya kiwiko chako; yasikuchome wala yasikushtue kwa baridi. Maji ya moto huunguza utumbo. Tandika karatasi ya nailoni na leso kuukuu. Weka ndoo au kiti cha tundu karibu kabisa, kwa sababu haja ikija haingoji. Funga mlango. Mwambie mgonjwa kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya, na kama ni mzazi wako, mtafute wa jinsia yake anayekubalika naye, kwa kuwa aibu hukaza misuli na misuli iliyokaza ndiyo huchanika.

Alale ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa kuelekea kifuani. Utumbo mpana hushuka upande wa kushoto, na maji hufuata. Maji yakishamiminwa kwenye mfuko wa enema, toa hewa kwenye mpira wake kwa kuacha maji kidogo yapite. Paka ncha mafuta ya mgando. Mwambie avute pumzi ndefu, na anapoitoa uingize ncha polepole ukielekeza kitovuni, isizidi urefu wa kidole cha kati. Ikigonga kitu, simama. Usisukume. Kupasua utumbo ndiyo ajali kubwa ya enema, na husababishwa na mkono wenye haraka. Mfuko wa maji uinuliwe dhiraa moja tu juu ya kitanda. Ukiuning'iniza juu ya msumari wa ukutani maji yatashuka kwa nguvu na kusokota tumbo. Nusu lita ndiyo mwisho, na mara nyingi hata robo lita inatosha. Akilalamika tumbo, bana mpira, apumue, subiri. Mkimaliza, avumilie dakika tano hadi kumi akiweza, kisha akae. Asiachwe peke yake chooni. Shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akaanguka.

Maji yasiporudi ndani ya nusu saa, au choo kisipotoka, usiongeze. Usijaribu aina nyingine. Mpeleke dispensari siku hiyo hiyo. Na mpira wa enema ni wa mtu mmoja. Kati ya 1978 na 1980, katika kliniki moja ya Colorado, Marekani, mashine ya kuosha utumbo iliyotumiwa na watu wengi iliwaambukiza amiba watu wasiopungua 36. Kumi walikatwa utumbo mpana na baadhi yao wakafa. Huko ni nchi yenye maji ya bomba. Sisi tunaoishi na amiba mwaka hadi mwaka hatuna ruhusa ya kuazimana mpira.

Usiingize kitu kingine. Njia ya haja kubwa hufyonza dawa haraka na kuipeleka kwenye damu, bila tumbo kupata nafasi ya kuitapika. Afrika Kusini, ambako enema za mitishamba ni desturi ya muda mrefu, madaktari waliandika mwaka 1990 kuhusu wagonjwa walioharibika figo baada ya kutumia dawa za kusafisha tumbo zilizotiwa daikromati ya potasiamu, kemikali ya viwandani. Mgonjwa alidhani ni dawa ya kienyeji. Mizizi na magome yanayouzwa kwenye soko zetu yana elimu yake, siidharau, lakini kipimo cha kunywa si kipimo cha kupitisha nyuma, na anayekuuzia unga usio na jina hajui figo zako. Pilipili, tumbaku, magadi na ndimu vikae jikoni. Hali kadhalika enema za kahawa zinazonadiwa mijini kama njia ya kutoa sumu mwilini. Zimeunguza watu na kuvuruga chumvi za damu hadi kifo. Ini na figo hufanya kazi hiyo bila kulipwa.

Kwa watoto msimamo wangu ni mkali zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kukataa. Kumtia mtoto kipande cha sabuni, kijiti, au ncha ya mswaki kwenye njia ya haja ni mazoea yanayopaswa kukoma. Mtoto wa miaka 3 au 4 hufunga choo kwa sababu siku moja kilimuuma, akaamua kubana. Akikibana kinakuwa kigumu zaidi, kikitoka kinauma zaidi. Enema ya nguvu humthibitishia kwamba anayo haki ya kuogopa. Anahitaji laktulosi kwa wiki kadhaa kwa kipimo cha mhudumu, matunda, maji, na kukaa chooni baada ya chakula bila kukemewa. Mtoto mchanga ambaye hajapitisha choo chake cha kwanza cheusi ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa ni jambo la hospitali mara moja. Huenda sehemu ya utumbo wake haina neva tangu tumboni, na upasuaji humponya.

Mjamzito naye aanze kwa muuguzi wa kliniki. Pengine kubadilisha saa ya kumeza vidonge vya chuma, kuongeza maji na kuacha mawe ya udongo kutatosha. Asiviache vidonge kimya kimya, maana upungufu wa damu wakati wa kujifungua ni hatari kubwa kuliko choo kigumu. Ile desturi ya kumpa enema kila anayeingia leba Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, na mwongozo wake wa mwaka 2018 unashauri isitolewe kwa lengo la kupunguza haja ya kuharakisha uchungu.

Yapo matumbo ambayo hayapaswi kuguswa kwa enema hata kidogo. Tumbo lililovimba likakaza kama ngoma, mtu anatapika, wala hewa haitoki, huenda utumbo umejisokota. Kujisokota kwa utumbo ni moja ya sababu za kawaida za utumbo kuziba Afrika Mashariki, na hutaka upasuaji ndani ya saa chache. Ngiri iliyokwama kinenani, ngumu na yenye kuuma, ni vivyo hivyo. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na homa, yanaweza kuwa kidole tumbo, na shinikizo la enema linaweza kukipasua. Tumbo kujaa huku macho yakigeuka manjano si choo, huenda ni ini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu ya aflatoksini, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa, ini zikiwa zimeharibika. Na mtu aliyevuka miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika tabia bila sababu, kina damu au kimekuwa chembamba, naye anakonda, asipewe enema ya tatu na ya nne. Atazamwe saratani ya utumbo mpana ingali mapema.

Ukiona enema inahitajika kila wiki, tayari hiyo ni sababu ya kumwona daktari. Tezi ya shingo iliyolegea, kisukari, au dawa fulani inaweza kuwa ndiyo chanzo, na dawa inabadilishika. Aliyepooza kwa kiharusi au kuumia uti wa mgongo yeye huhitaji ratiba ya kudumu ya choo, na ratiba hiyo hupangwa na wauguzi waliomhudumia. Aliyeumia uti huo kuanzia kifuani kwenda juu akianza kutoka jasho na kuumwa kichwa ghafla wakati wa enema, simamisha, mketishe wima, na ita msaada, kwa kuwa presha yake inapanda kwa kasi.

Anza na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Tangu 2023 wengi wao wana mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, na wanajua njia ya kukufikisha dispensari. Ukienda, fungasha dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za soko, na usifiche mitishamba. Waambie choo cha mwisho kilitoka lini na kilikuwaje, kama hewa inapita, kama ametapika, amekojoa mara ngapi leo, na enema ipi alipewa, saa ngapi, na kama maji yake yalirudi.